Ursula wa Siku Nne

Kwa miezi tisa Kindness alilitaja jina la mwanawe mahali pamoja tu: bafuni, bomba likiwa wazi. Alilitaja mara moja, polepole, kisha akafunga bomba na kutoka na ndoo yake kama mtu aliyemaliza kuoga. Hakuna aliyemkataza kwa fimbo. Alikatazwa kwa maneno ya upole, na maneno ya upole ndiyo magumu kuyavunja.

Mtoto alikuwa wa kike. Kwa kina Ludovick, mumewe, watu wa Rombo, binti wa kwanza hatafutiwi jina. Jina lake linamsubiri tangu mama yake hajaolewa, nalo ni la mama mzaa baba. Kwa hiyo tumbo lilikuwa halijaanza hata kuonekana, na tayari ilijulikana: akiwa wa kike ni Ursula. Akazaliwa kabla ya siku zake, mdogo kama mkate. Siku ya pili akaitwa Ursula. Siku ya nne akafa.

Baba mdogo Melkiadi akaja kutoka Rombo kwa niaba ya ukoo. Alikaa kwenye kochi lao kule Nakwa, kofia ikiwa gotini, akasema, "Wanangu, poleni sana. Lakini jina la mama mzee halizikwi na mwenyewe yu hai. Tukiliandika msalabani ni kama tunamchimbia. Liacheni. Atakuja mwingine wa kulichukua."

Basi msalaba mdogo ukaandikwa tarehe tu. Kadi ya kliniki ilikuwa na nafasi ya jina ambayo haijajazwa, ikabaki hivyo. Ludovick aliinamisha kichwa mbele ya baba yake mdogo, na Kindness hakubishana. Angebishana na nani? Lakini tangu siku ile kitu kimoja kilimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Alitaka mahali pamoja, hata kama ni kipande cha karatasi kwenye kabati la mtu asiyemjua, paandikwe kwamba aliwahi kuwepo mtu anayeitwa Ursula, naye alikuwa mtoto wake. Hakutaka zaidi ya hapo.

*

Mwaka ule Mkoa wa Manyara ulikuwa ndiyo kwanza unatimiza miaka kumi, na Babati ilikuwa bado inajizoeza kuitwa makao makuu. Ofisi zilikuwa nyingi kuliko mafundi. Kindness alikuwa mmoja wa hao mafundi wachache. Miaka miwili alisoma kompyuta darasa la jioni, mchana akiuza mitumba, na alipopata cheti chake Tariq akamchukua kwenye duka lake la matengenezo karibu na stendi. Tariq alikuwa kijana wa watu wa biashara, mwepesi wa maneno, mzito wa kukasirika.

Asubuhi moja alimkuta Kindness akifungua kifurushi kilichokuja na basi la Arusha.

"Vimefika?"

"Vimefika, bosi. Vipande viwili vya memori, giga nne nne. Nimevikagua, ni vya seva kweli, siyo vile vya kompyuta za mezani."

"Safi." Tariq akajikuna ndevu. "Sasa sikiliza. Kazi yenyewe ni ya kile kituo cha afya. Ningekwenda mwenyewe, lakini leo nina watu wa halmashauri hapa mpaka saa nane. Kama huwezi kukanyaga kule, sema tu. Nitaelewa, wallahi."

Kindness alikizungusha kipande kimoja mkononi. Tangu alipotoka pale kituoni na kanga tupu hakuwahi kurudi. Hata akienda sokoni alizunguka njia ya mbali ili asilione lile geti la bluu.

"Nitakwenda," alisema. "Memori haina kosa."

"Ukiona moyo unagoma nipigie. Nitawaambia fundi anaumwa tumbo."

"Fundi yupi?"

"Mimi. Nilikula kiporo cha pilau."

Kindness akacheka, na kile kicheko kidogo ndicho kilichomfikisha getini.

*

Karani wa masjala alikuwa mama wa makamo, Wilhelmina kwa jina, lakini kituo kizima kilimwita Mama Elimringi. Alikuwa na miwani iliyofungwa kwa uzi, na sauti ya mtu aliyezoea kuita majina ya watu dirishani tangu asubuhi mpaka jioni.

"Shikamoo mama. Nimetoka kwa Tariq."

"Marahaba, karibu mwanangu. Kumbe fundi ni binti! Njoo umwone mgonjwa wako. Mashine hii imekuwa kama punda aliyechoka. Unabonyeza, unakwenda kunywa chai, unarudi, bado inafikiri." Akamtazama juu ya miwani. "Sura yako siyo ngeni. Tunasali pamoja?"

"Hapana, mama. Mimi nasali Nakwa."

"Nitakumbuka tu. Mimi sura hainipotei, zinazonipotea ni funguo."

Seva ilikuwa kwenye chumba kidogo nyuma ya masjala, juu ya meza ya mbao. Ni sanduku jeusi, refu, lenye kunguruma, na kompyuta zote za kituo zilikuwa zinakula kwake. Kindness alikaa, akatazama namna inavyofanya kazi, na haikuhitaji elimu kubwa kuona ugonjwa.

"Ina memori ya giga mbili tu, mama. Na mfumo wenu umekua."

"Mbona tuliambiwa nafasi ipo tele?"

"Nafasi ya kutunzia ipo. Bosi wangu husema diski ni ghala, memori ni kaunta. Ghala lenu ni kubwa, lakini kaunta inatosha kilo moja ya sukari. Wakija wateja ishirini kwa mpigo, wote wanasimama."

"Umesema kweli! Hata zile meseji za kuwaita akina mama kliniki tuliambiwa tuzizime. Zikiwashwa, kila kitu kinaganda. Mwaka sasa hatujamtumia mzazi hata meseji moja."

"Leo tutaziwasha."

Mama Elimringi akatoka mpaka dirishani, ambako akina mama walikuwa wamejaa kwenye mabenchi, wengine na watoto mgongoni, wengine na matumbo.

"Jamani! Mfumo unazimwa nusu saa! Atakayezaa azae polepole!"

Benchi zima likaangua kicheko. Sauti moja ikajibu, "Mwambie fundi na huku tumboni kuna anayebonyeza!" Wakacheka tena. Kindness alikuwa ameinama chini ya meza akichomoa waya, na hakuna aliyeuona uso wake.

Alibonyeza kitufe cha kuwashia bila umeme ili chaji iliyobaki ndani iishe. Akashika chuma tupu cha sanduku kumaliza umeme wa mwilini, kama alivyofundishwa. Akafungua ubavu. Vumbi jekundu la Babati lilikuwa limelala humo kama unga wa ulezi, na alilifagia kwa brashi laini, taratibu, bila kupuliza kwa mdomo. Pembeni ya vile vipande vya zamani palikuwa na nafasi mbili tupu. Alikishika kipande cha kwanza kwenye kingo, kwa ncha za vidole, akalinganisha kile kipengo cha chini, akakandamiza kwa vidole gumba viwili. Kuna nguvu yake pale, na mwoga hawezi. Vibanio vya pembeni vikajifunga, ka! Akaweka cha pili.

Akawasha. Mashine ikalia milio mitatu, ikanyamaza.

"Imekufa?" Mama Elimringi aliuliza toka mlangoni.

"Haijafa. Inakataa. Kimoja hakijakaa vizuri."

Alizima, akafungua tena. Kweli, kipande cha pili kilikuwa kimeingia upande mmoja tu. Safari hii alikikandamiza mpaka akasikia vibanio vyote viwili. Akawasha. Herufi nyeupe zikapanda kwenye kioo, na katikati yake akaiona ile namba aliyoitaka: giga kumi.

Kwenye meza ya masjala Mama Elimringi alifungua faili moja, likafunguka. Akafungua la pili, likafunguka kabla hajaondoa kidole. Akapiga makofi.

"Mwanangu, Mungu akupe unachotaka! Haya, washa na zile meseji tuone."

Kindness akaiwasha ile programu ya meseji. Mashine ilinguruma kidogo, ikaipokea, ikaendelea na kazi zake bila kuganda.

Haikupita dakika, simu ikalia kwenye mabenchi. Ikalia nyingine. Halafu nyingine, kona ya mbali. Akina mama wakaanza kusomeana kwa sauti.

"Wananiita nimlete mtoto kliniki, na mtoto ndiye huyu ananinyonya!"

"Wajibu, waambie umeshafika, wakuletee na soda!"

Mama Elimringi alicheka mpaka miwani ikamteleza. Kindness naye alianza kutabasamu. Ndipo simu yake mwenyewe ikatetema ndani ya mkoba.

Aliitoa akidhani ni Tariq.

*Ndugu mzazi, mtoto wako URSULA LUDOVICK ametimiza miezi 9. Tafadhali mlete kliniki apate chanjo ya surua. Karibu.*

Aliisoma mara ya kwanza akaona herufi tu. Aliisoma mara ya pili, akakaa juu ya boksi la karatasi.

"Nini tena, mwanangu? Msiba?"

Kindness akamnyooshea simu. Mama Elimringi aliisogeza mbali na macho, akasoma, uso ukamchanua.

"Kumbe na wewe una mtoto wa miezi tisa! Umekaa kimya tu! Si umlete hata kesho, nitakupitisha bila foleni..."

"Alifariki, mama." Sauti ilimtoka ndogo. "Hapa hapa. Wodi ile ya mwisho. Alikaa siku nne."

Mama Elimringi alivua miwani. Akamtazama usoni, na taratibu kile alichokuwa akikitafuta tangu asubuhi kikamjia.

"Kitanda cha dirishani," alinong'ona. "Ulikuwa na kanga ya kijani. Nilikuja na daftari langu kukuuliza jina."

"Ndiyo, mama."

"Yesu wangu."

*

Walikaa wawili mbele ya kioo. Mama Elimringi aliandika jina la Kindness kwenye sehemu ya mama, na yakatokea mafaili mawili, moja chini ya jingine.

La kwanza: *Mtoto wa Kindness. Ke. Hali: Amefariki.*

La pili: *Ursula Ludovick. Ke. Hali: Hai. Umri: miezi 9, siku 2.*

Kindness alilitazama lile la pili. Miezi tisa na siku mbili. Mashine ilikuwa ikimhesabia. Usiku ule alipokuwa analala na taulo kifuani kwa sababu maziwa yalikuwa yanakuja na hakuna wa kuyanyonya, mashine ilimwongezea mwanawe siku moja. Siku ya Pasaka, ilimwongezea. Siku Ludovick alipokikunja kile kitanda kidogo na kukipandisha juu ya kabati, ilimwongezea. Angekuwa anakaa sasa. Angekuwa anatambaa na kula udongo.

"Hii ni kazi ya mkono wangu," alisema Mama Elimringi. "Nisikufiche. Mtoto akizaliwa hana jina tunamwandika 'Mtoto wa' fulani, jina likija tunalijaza kwenye faili lile lile. Ndiyo utaratibu. Uliponipa jina nilirudi hapa, nikabonyeza faili lake, mashine ikaganda. Nikabonyeza tena, ikaganda. Foleni imejaa dirishani. Nikasema, ngoja nifungue jipya, nitayapanga baadaye. Tulikuwa tunafanya hivyo wote, mashine ikigoma. Siku mtoto alipotutoka, wodi wakalifunga lile la kwanza. Hili la pili hakuna aliyejua kama lipo." Akashika mkono wa Kindness. "Nisamehe, mama. Ngoja nilifute, ile meseji isikurudie tena. Maana nisipolifuta itakuja kila mwezi."

Aliweka kidole kwenye kipanya.

"Usifute!"

Kindness alishtushwa na ukali wa sauti yake mwenyewe.

"Usifute, mama. Hilo jina halijaandikwa mahali pengine popote. Hata msalabani hakuna. Ukilifuta hapa, atakuwa hakuwahi kuitwa."

Akamweleza habari ya Melkiadi, na jina la mama mzee, na kofia gotini. Mama Elimringi alisikiliza akitikisa kichwa. Mwisho akaonyesha kitufe kingine pembeni ya kile cha kufuta. Kilikuwa kimeandikwa *Unganisha*.

"Hiki kilikuwa hakifanyi kazi, kikibonyezwa mashine inazima. Sasa nadhani kitafanya. Kinachukua mafaili mawili kinayafanya moja. Unachagua jina la kubaki, na hali ya kubaki." Akasita. "Ila mwanangu, ukichagua jina hili, itabidi uchague na hali ile. Litakaa, lakini litakaa kwa waliofariki. Siwezi kukuachia jina pamoja na neno Hai. Hiyo itakuwa uongo, na kuna watu wanahesabu chanjo kwa mafaili haya."

Kindness alielewa. Ili mwanawe awe na jina, ilimbidi amwandike marehemu kwa mkono wake mwenyewe. Na jina hilo lilikuwa la mtu aliye hai, anayekata majani ya ng'ombe huko Rombo saa hii.

Alitoka nje, akasimama nyuma ya jengo, karibu na kamba ya mashuka yaliyoanikwa. Akampigia mumewe. Ludovick aliuza vifaa vya ujenzi kwenye duka moja la barabara ya Singida, na nyuma ya sauti yake misumari ilikuwa inamiminwa kwenye mizani.

"Ludo, uko peke yako?"

"Kuna wateja. Kuna nini?"

Alimweleza kwa maneno machache. Misumari ikanyamaza. Alisikia mlango ukifungwa.

"Limeandikwa kabisa? Ursula?"

"Ursula Ludovick. Herufi kubwa."

Alimsikia akivuta pumzi kwa mdomo.

"Ukiniuliza mimi," alisema hatimaye, "mimi nilitaka tangu siku ile. Nilimwogopa baba mdogo. Lakini kuliandika kwa wafu, Kindness, na mama yupo... Jina lina mwenyewe. Muulize mwenyewe."

"Nimuulize mimi? Si mama yako?"

"Mimi sitaweza. Nikianza nitalia, na hapa kuna mtu anataka bati ishirini."

*

Simu ya Rombo iliita muda mrefu. Kindness alikuwa karibu kukata.

"Halo! Nani? Sema kwa nguvu, niko kwenye majani ya ng'ombe!"

"Ni mimi, mama. Kindness. Shikamoo."

"Marahaba. Kuna nini? Ludovick anaumwa?"

"Hapana, mama, wote wazima. Nataka kukuuliza jambo kuhusu jina lako."

"Jina langu limefanya nini?"

Alikuwa amejipangia maneno ya heshima, ya kuzunguka. Yote yakamtoka.

"Mama, mtoto wetu aliandikwa hapa kituoni kwa jina lako, nami nimelikuta leo. Nikiliacha, inaonekana yuko hai, wananiambia nimlete chanjo. Nikilifuta, halitakuwepo popote tena. Kuna njia ya kulibakiza, lakini litakaa pamoja na neno kwamba amefariki. Na baba mdogo alisema tusikuchimbie ukiwa hai. Ndiyo nakuuliza, mama. Ukisema hapana, nitalifuta."

Upande wa pili upepo ulivuma kwenye migomba. Kindness alidhani simu imekatika.

"Mama?"

"Nipo." Sauti ilikuwa imeshuka. "Umesema aliitwa?"

"Ndiyo, mama."

"Melkiadi aliniambia hakufikia jina. Aliporudi kutoka huko kwenu aliniambia, 'Mama mzee, mtoto alikuwa hajaitwa bado.' Nikasema basi, Mungu anajua. Sikuuliza zaidi."

"Aliitwa, mama. Siku ya pili asubuhi. Nilimwita mimi, na Ludo akamwita, na manesi walimwita."

"Kwa hiyo nilikuwa na wajina siku mbili nzima, na mimi sijui!"

Kindness alishika shuka moja kwenye kamba. Miezi tisa alidhani yule mama ndiye aliyekataa. Miezi tisa alimpigia simu za salamu fupi, za adabu, akiwa na donge rohoni.

"Alikuwaje?" aliuliza bibi ghafla.

"Mama?"

"Nakuuliza alikuwaje. Hakuna aliyeniambia. Waliniambia amezaliwa, wakaniambia amekufa. Alifanana na nani?"

Hakuna aliyewahi kumuuliza Kindness swali hilo. Watu walimpa pole, walimpa unga, walimpa mistari ya Biblia. Alifungua mdomo akidhani hatapata la kusema, kumbe maneno yalikuwa yamejipanga mlangoni.

"Paji la uso lilikuwa la Ludo, lile pana. Nywele zilikuwa nyingi mpaka kwenye masikio, nyeusi, zimelala. Hakulia sana. Alikuwa anapiga miayo, mama, miayo mikubwa, kama mzee aliyechoshwa na kikao. Vidole vilikuwa virefu. Ukimpa chako alikuwa anakishika, hakiachii, nesi mpaka alimtania kwamba huyu atakuwa mkamua ng'ombe."

Bibi akacheka. Kilikuwa kicheko cha kweli, kifupi, na katikati yake kikavunjika kikawa kitu kingine. Walilia pamoja, mmoja nyuma ya mashuka Babati, mwingine kwenye majani Rombo, na salio la simu likienda.

Bibi ndiye aliyetangulia kunyamaza. Alipenga kamasi kwa kishindo.

"Mwandike."

"Kweli, mama?"

"Mwandike vizuri. Mimi jina langu nimelitumia miaka sabini na mbili, halitaisha kwa kuandikwa. Melkiadi niachie mimi, tutaonana naye Jumapili."

"Na yule... akija mwingine, mama? Wa kike?"

"Atafutiwe lake! Mnadhani majina yameisha duniani?" Kisha akashusha sauti. "Sasa nenda, mwanangu, majani yananyauka hapa. Na jioni unipigie tena. Sijamaliza kuuliza."

*

Aliporudi ndani, foleni dirishani ilikuwa imefika kwenye ngazi. Mama Elimringi aliwaacha, akampisha kiti chake mwenyewe.

"Utakaa wewe? Au nibonyeze mimi?"

"Nitabonyeza mwenyewe."

Alichagua mafaili yote mawili. Mashine ikauliza jina lipi libaki. Akachagua. Ikauliza hali ipi ibaki. Hapo kidole kilikaa juu ya kipanya kwa muda mrefu, mshale ukiwa juu ya lile neno fupi lenye herufi tatu, *Hai*. Kulibonyeza hilo kungekuwa jambo rahisi, na hakuna mkuu wa idara ambaye angekuja kumfunga. Mwanawe angeendelea kukua humo ndani, mwaka mmoja, miwili, mpaka umri wa shule, mtoto asiyeugua wala kulia.

Akateremsha mkono. Akachagua lile jingine.

*Una hakika?*

Alijibu ndiyo kwa sauti, kama anayeulizwa na mtu, kisha akabonyeza.

Mashine haikuganda. Ilichukua muda kama wa kupepesa jicho. Mafaili mawili yakawa moja, na pale palipokuwa pameandikwa miezi tisa, namba zikajirudi zenyewe. *Umri: siku 4.*

Alijua ingekuwa hivyo. Ni yeye mwenyewe aliyebonyeza. Lakini kuziona zile siku zote zikimwondoka kwa mpigo mmoja, ilikuwa kama kumpokea tena kutoka mikononi mwa nesi akiwa amefungwa shuka.

Mama Elimringi aliinama nyuma yake, miwani puani, na akasoma kwa sauti ya chini, taratibu, bila kuruka hata neno.

"Ursula Ludovick. Mtoto wa kike. Mama, Kindness. Baba, Ludovick. Alizaliwa Jumanne. Aliishi siku nne."

"Sahihi," alisema Kindness.

Halafu akaweka kichwa juu ya meza ya masjala, kati ya mihuri na vikombe vya kalamu. Yale aliyoyazuia siku alipotoka kwenye lile geti la bluu yakaja yote. Mabega yalitikisika. Hakujaribu kuyazuia.

Dirishani mkono ukagonga kioo.

"Karani! Karani jamani! Si mlisema mashine imepona?"

Mama Elimringi alivuta pazia la dirisha lote, akasimama mbele yake kwa mwili wake mpana, akaweka mkono mgongoni kwa Kindness.

"Bado!" aliwajibu kwa sauti kubwa. "Bado inatengenezwa! Mnisubiri kidogo!"